Maganda Mekundu ya Malindi: Shajara ya Siku za Bamvua

Jumapili, Malindi mjini

Kesho maji ya bamvua yanaanza, yale yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi unakaribia kupevuka, kusi imelegea, na pwani hii ina neema yake kwa mtu wa mwambani: siku za bamvua maji hupwa mchana kweupe, saa tatu hadi saa tano hivi, wakati jua liko juu na jicho linaona rangi sawasawa. Ukija siku za maji mafu utatazama mawimbi tu.

Ninachotafuta ni mwani mwekundu ule unaojitandaza juu ya jiwe ukawa ganda. Hauna majani, hauna kikonyo, haupepei majini kama mwani unaolimwa Kibuyuni kule Kwale, na hakuna anayeununua. Umeshika jiwe kama ukoko ulivyoshika sufuria. Watu huukanyaga kila siku wakidhani ni jiwe lenye rangi. Nao ndio unaogandisha vipande vya matumbawe vilivyovunjika vikawa mwamba mmoja, na juu yake ndipo matumbawe machanga hupenda kutua.

Naona tumezoea kuupa majina kwa haraka. Mtu hupiga picha, huilinganisha na picha nyingine, huandika jina la spishi, kisha jina hilo hunakiliwa na kila ajaye baadaye. Safari hii nataka kila jina liwe na ushahidi wake, na pale ushahidi unapokoma, jina nalo likome papo hapo.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Nyundo ndogo, patasi, wembe, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, siki kwenye chupa ya matone, mifuko, jeli ya silika ya kukaushia vipande vitakavyopimwa DNA, karatasi zisizoloa na penseli. Kibali nimekiweka juu kabisa ya mkoba. Mdogo wangu, binti wa ami, ndiye mshika kamera na mwandishi wa lebo. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, na katika kazi hii lebo ni nusu ya sampuli.

Jumatatu, mawe ya chini ya Mnara wa Vasco da Gama

Wageni hutazama msalaba. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na jiwe la msalaba ule lilitoka Lisbon. Sisi tulitazama chini yake. Jabali lote la ncha hii ni mwamba wa kale wa matumbawe, ulioota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. Mawimbi yameula kwa chini, yakaacha vivuli na vijipango, na humo ndimo maganda ya juu ya ufuko hujificha jua.

Tulianza na yale membamba, mekundu ya giza, yaliyo kama doa la rangi lililokauka. Ukipitisha kidole huhisi ukingo wowote. Ukipitisha wembe, hutoki na ganda. Unatoka na unga. Hapa ndipo mtu hukumbuka siki. Mwani mwekundu wenye chokaa hutoa povu ukiudondoshea tone, usio na chokaa hautoi. Kwenye mawe ya bara, mathalani matale, kipimo hiki hakina shida. Malindi kina mtego, kwa sababu jiwe lenyewe ni chokaa, na tone likipenya mpaka chini litatoa povu hata kama mwani wenyewe hauna hata chembe. Njia salama ni kubandua kipande, kukigeuza kwenye kipande cha plastiki, kukwangua jiwe lote kwa nyuma, kukisuuza, ndipo udondoshe siki huku ukitazama kwa lenzi povu linatokea wapi.

Tulifanya hivyo mara kadhaa, na ganda lile jembamba halikutoa povu. Kwa hiyo si wa ukoo wa mwani wa chokaa. Lakini bado hatukuwa na haki ya kuuita mwekundu, kwa sababu yapo maganda ya mwani wa kahawia, jamii ya Ralfsia, yanayokaa ufukoni pale pale na kwa macho hufanana sana na haya yanapokauka. Nyumbani jioni tulitia vipande kwenye maji ya moto yasiyochemka. Mwani wa kahawia hugeuka kijani ukipata joto, maana rangi yake ya kahawia hufifia na klorofili iliyofichwa hujitokeza. Vipande viwili kati ya vile vilikuwa kijani tulipovitazama tena. Kimoja kilibaki na wekundu wake, na maji yaliyokizunguka yakaingia waridi hafifu. Hiyo ni fikoeritrini, rangi inayoyeyuka majini na inayoupa mwani mwekundu uwezo wa kunasa mwanga wa kijani na buluu unaofika vilindini.

Hicho kimoja tumekiandika Hildenbrandia kwa muda, mpaka hadubini iseme. Ni jenasi ya ajabu: mpaka leo haijajulikana kuzaana kwa jinsia. Huzaa kwa spora zinazotengenezwa ndani ya vishimo vidogo vilivyozama kwenye ganda, na kwa vipande vinavyomeguka.

Maji yalipoanza kurudi akapita mama mmoja na chuma chake cha kuchokolea pweza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu. Mwavunja mawe ya nini?”

Mdogo wangu akamwambia si mawe, ni mwani. Mama akacheka kidogo, akaweka chini ndoo yake, akaomba ile lenzi. Tulimpa kipande cha waridi tulichotoa chini kabisa, karibu na maji. Akakitazama kimya, muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

“Na hivi vitundu?”

Nikamwambia hivyo ndivyo tulivyovijia. Kila kitundu ni mlango wa chumba cha uzazi.

“Basi nendeni Mayungu,” akasema. “Kwenye mapango ya pweza, kwa chini, mawe yote ya rangi hii. Pweza hukaa hapo.”

Jumanne, Mayungu

Mama yule alisema kweli. Mwamba wa hapa ukikauka huwa uwanja mpana wa mawe, vidimbwi na mifereji, na kwenye kila kivuli kuna waridi. Leo nimejaza kurasa kuliko siku zote.

Kwanza niseme juu ya maumbo, kwa sababu ndipo penye makosa mengi. Mwaka 1993 Woelkerling, Irvine na Harvey walipanga maumbo ya mwani wa chokaa usio na viungo katika aina kumi, na mpangilio wao umetusaidia sana kwa kuwa unatufanya sote tuseme lugha moja. Lipo ganda tambarare lililolala juu ya jiwe. Lipo lenye chunjua, yaani vinundu vifupi visivyofika milimita 3. Lipo lenye mabonge yaliyovimba na kubanana mpaka yanagusana. Lipo lenye matawi yanayozidi milimita 3. Yapo ya matabaka, ya vijisahani, na mengineyo. Mayungu tuliona manne katika hatua chache tu.

Lakini umbo ni maelezo, si jina. Spishi moja inaweza kuwa tambarare mahali mawimbi yanapopiga na pono wanapokwangua, ikaota vinundu mahali palipotulia. Na spishi mbili zisizo na undugu wa karibu zaweza kuvaa umbo moja. Rangi nayo ni vivyo hivyo. Ganda lililokuwa zambarau chini ya kivuli tulilifuata kwa jicho mpaka likatoka juani, na huko lilikuwa waridi iliyopauka, karibu na manjano, bila kukatika popote. Mdogo wangu alipiga picha ya mpaka wote, na kipimo pembeni. Picha ile ingetosha kumwonyesha yeyote anayetambua kwa rangi.

Ndani ya pango la pweza (mwenyewe hayupo, maganda ya kaa yapo mlangoni) tulikuta kitu tofauti. Ganda jekundu la damu ya mzee, ukingo wake umenyanyuka kidogo, na ukiingiza ncha ya wembe chini yake linabanduka kama ngozi. Kwa juu limepigwa mistari hafifu inayotoka katikati kwenda ukingoni. Tulipoligeuza, upande wa chini ulikuwa mweupe na wenye vinyweleo vya kushikia jiwe. Siki kwa juu, kimya. Siki kwa chini, povu. Hiyo ndiyo tabia ya Peyssonnelia na ndugu zake: chokaa yao hukaa zaidi tumboni, tena ni ya umbo la aragonaiti, wakati mwani wa chokaa wa kweli hujaza kuta za kila seli kwa kalsaiti yenye magnesiamu nyingi. Tofauti hii si ya kitabuni tu. Kalsaiti yenye magnesiamu nyingi ndiyo inayoyeyuka upesi zaidi maji ya bahari yanapoongezeka asidi, kwa hiyo waridi hili lote tunalolikanyaga Mayungu liko mstari wa mbele katika bahari inayonyonya kaboni dayoksaidi yetu.

Chini ya kipande cha tumbawe kilichopinduka kulikuwa na vidonge vyekundu sana, vidogo kuliko mbegu ya mtama, vigumu. Mdogo wangu alishafungua mfuko. Kwa lenzi nikaona uso wote umejaa vitundu vilivyopangana kama wavu, na mwili umejiinua badala ya kutandaa. Si mwani kabisa. Ni Homotrema, kiumbe cha seli moja cha kundi la foraminifera, anayejijengea nyumba nyekundu ya chokaa. Anatoa povu kwenye siki kama mwani, ndiyo maana povu peke yake halitoshi. Tumemchukua mmoja wa kufundishia.

Jumatano, ndani ya Hifadhi ya Bahari

Leo nyundo imebaki nyumbani. Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ya Watamu, na ndani yake tulitaka kutazama na kupiga picha tu. Nahodha alitupeleka kwa mashua yenye sakafu ya kioo hadi bustani za matumbawe, tukavaa miwani, tukaingia majini.

Nilitaka mdogo wangu aone mwani huu ukiwa kazini. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani hii yakapauka, na mengi yakafa. Nahodha anaukumbuka mwaka huo. Anasema mwamba ulikuwa mweupe, kisha ukawa na manyoya ya kijani. Tumbawe likifa, mifupa yake huanza kuliwa na kuvunjwa. Mahali ambapo ganda la waridi liliwahi kufika na kulifunika, mifupa hiyo imeshikamana. Kisha kiluwiluwi cha tumbawe, kinachoelea majini kikitafuta makazi, huja na kuonja. Kemikali za ganda hili na za bakteria wanaoishi juu yake humwambia kwamba hapa pana mwamba hai. Hutua, hubadilika umbo, huanza kujenga. Hatui popote tu. Majaribio ya Australia yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba viluwiluwi walipenda sana baadhi ya maganda, hasa Titanoderma prostratum, na wakatua humo wakabaki hai, ilhali kwenye maganda mengine waliotua walikuwa wachache na wengi wao walikufa. Baadhi ya maganda hujibandua ngozi ya juu ili kujisafisha, na tumbawe changa huondoka nayo.

Hapo ndipo naona uzito wa kazi ya majina. Tukiandika “mwani wa waridi, asilimia kadhaa ya mwamba” tumesema eneo, hatujasema kama ni waridi linalokaribisha matumbawe au linalowafukuza.

Tuliogelea hadi kwenye ukingo wenye wale wanyama wa miiba, viduara vyeusi vilivyojichimbia vishimo. Hawa hukwangua mwamba kwa meno. Wakiwa wachache huondoa mwani laini na kuliachia ganda mwanga; wakizidi hula ganda na jiwe pamoja. Utafiti wa Tim McClanahan kwenye miamba ya Kenya ulionyesha kwamba samaki aitwaye kikande, mwenye mistari ya rangi ya chungwa ndiye mlaji wao mkuu, na kwamba mahali kikande anapovuliwa sana, wanyama hawa huongezeka. Humu hifadhini tulimwona kikande, na wanyama wa miiba walikuwa wachache, wamejibana kwenye nyufa.

Nahodha ametuambia pia juu ya tope. Kaskazi ikivuma, maji ya Mto Sabaki hugeukia kusini, na ghuba ya Malindi hupata rangi ya chai ya maziwa. Tope likikaa juu ya ganda hulinyima mwanga, na spora hazipati jiwe tupu la kushika. Tukirudi wakati wa kaskazi tutapima tulipopapiga picha leo.

Alhamisi

Mawimbi makubwa, tumebaki ufukoni. Bahari imetupa nyasi nyingi, hasa Thalassodendron ciliatum yenye vishina vigumu. Kwenye majani yake kuna madoa meupe na ya waridi, membamba mno, mengine yana seli chache tu kwa unene. Ni mwani wa chokaa vilevile, wale wanaoishi juu ya mimea: Hydrolithon, Pneophyllum na wenzao. Jani likifa nao huanguka, na chokaa yao huwa sehemu ya mchanga. Tumeweka majani kadhaa kwenye formalini. Basi.

Ijumaa

Baada ya Swala tumekaa barazani kupanga lebo, na mdogo wangu akauliza nani alianza kujua kwamba jiwe hili ni mmea.

Kwa muda mrefu halikujulikana. Linnaeus aliwaweka mwani wa chokaa upande wa wanyama, pamoja na matumbawe. Mwaka 1837 Rodolfo Philippi alichapisha hoja kwamba ni mimea, na akatoa majina mawili tunayoyatumia mpaka leo, Lithophyllum na Lithothamnion (yeye aliliandika Lithothamnium). Baadaye Mikael Foslie wa Trondheim, Norwei, akaeleza mamia ya spishi kutoka sampuli alizopelekewa kutoka bahari nyingi, na mkusanyo wake ungali Trondheim. Mwaka 1897 Heydrich alieleza Lithothamnion onkodes kutoka Papua New Guinea, ambayo sasa ni Porolithon onkodes, jina linaloandikwa mara nyingi sana kwenye orodha za bahari yetu ya Hindi.

Na hapa ndipo pana jambo kubwa la miaka hii. Wanasayansi wamechukua vipande vidogo vya zile sampuli za asili, nyingine zikiwa na umri unaozidi miaka 100, wakasoma DNA yake na kuilinganisha na maganda ya leo. Wakakuta kwamba jina moja kama Porolithon onkodes lilikuwa limefunika spishi nyingi zinazofanana kwa nje. Kwa hiyo mtu akiniambia kwa picha kwamba ganda la Mayungu ni Porolithon onkodes, nitamwomba anionyeshe DNA yake iliyolinganishwa na ile sampuli ya Heydrich.

Jumatatu, Kilifi

Tumepewa meza na hadubini katika maabara ya chuo. Kazi ya leo ndiyo moyo wa safari nzima, nami nitaieleza kwa utulivu.

Kwanza tulitafuta vyumba vya uzazi. Ganda lisilo navyo haliwezi kutambulika vizuri kwa umbo, ndiyo maana nilisisitiza tuchukue yale yenye vipele. Vyumba vya tetraspora, yaani spora zinazotokea nne nne, vikiwa na paa lenye tundu moja, uko kwenye oda ya Corallinales. Paa likiwa na matundu mengi, kama kichungi, uko Hapalidiales. Na ikiwa spora hazina chumba cha pamoja, kila moja imekaa kwenye kijumba chake cha chokaa, vijumba vimekusanyika kundi, hapo ni Sporolithales, ukoo wa kale ambao visukuku vyake vimefika enzi ya Kretasi. Ila tahadhari: vyumba vya kiume na vya kike huwa na tundu moja karibu kwa wote. Ukiona tundu moja, lazima ukate uone kilichomo ndani kabla ya kusema Corallinales.

Vipande tuliviloweka kwenye asidi hafifu mpaka povu likakoma. Kinachobaki ni mwani wenyewe, laini kama jeli, bila chokaa. Tukaukata kwa wembe kwa wima, vipande vyembamba kadiri ya mkono, tukavitia rangi ya buluu ya anilini. Swali la pili likafuata: seli za nyuzi jirani zimeunganaje? Zikiwa zimefungua kuta na kuungana kabisa, ni upande wa akina Porolithon, Hydrolithon na Neogoniolithon. Zikiwa na kijishimo chembamba tu kinachopita kati ya kuta mbili, ni Lithophyllum na ndugu zake, akiwemo Titanoderma. Swali la tatu ni la seli kubwa zenye kinyweleo ziitwazo trikosaiti: ziko moja moja, au zimepangana bega kwa bega katika uwanja wa mlalo? Uwanja wa namna hiyo ni alama ya Porolithon.

Ganda la chini ya Mnara, lile lenye vitundu alilolitazama yule mama, lilikuwa na vyumba vya tundu moja vyenye tetraspora ndani, seli zilizoungana kabisa, na trikosaiti zilizopangana kwa mlalo. Limeandikwa Porolithon, bila jina la spishi, na kipande chake kiko kwenye silika kikisubiri DNA. Ganda la chunjua la Mayungu lina vijishimo kati ya seli. Ni Lithophyllum au ndugu yake, nalo limekomea hapo. La mabonge lina paa la matundu mengi, kwa hiyo tunasema Hapalidiales na hatuendi mbele, kwa kuwa chumba tulichokata kilikuwa kikuukuu na kuta zake zimeharibika. Ganda jembamba lisilo na povu lina nyuzi za wima za seli ndogo zilizobanana na vishimo vyenye spora. Hildenbrandia imethibitika.

Lile la pango la pweza halikuzaa. Tumepasua pande zote nne za kipande, hakuna hata dalili ya spora. Seli za chini na mpangilio wa vinyweleo vinatupeleka kwenye Peyssonneliales, na jenasi nimeiandika kwa penseli na alama ya kuuliza. Mdogo wangu ameweka lebo, namba, mahali, kimo cha maji na tarehe. Bamvua la mwezi ujao tutarudi Mayungu, pango lile lile, tuchukue ukingo wa zamani zaidi wa ganda, ambako huenda limezaa.